Viti na Usukani Ndani ya Boti ya Mpira: Mjadala wa Kunduchi na Keko

Boti ya mpira ni chombo kinachobebwa na hewa. Maboya mawili marefu ya kitambaa kilichopakwa plastiki au mpira hukutana mbele, yaani omo, na huko nyuma, yaani tezi, huunganishwa na ubao mgumu unaobeba mashine. Kati ya maboya hayo hutandikwa sakafu, ambayo huwa ya mbao, ya aluminiamu au ya godoro la hewa lililojazwa kwa nguvu. Boti ndogo za aina hii, za mita 3 hadi 4, hutoka kiwandani na ubao mmoja au mbao mbili za kukalia tu. Nahodha huketi juu ya boya la nyuma, ameshika mkono wa mashine, kama wazee wake walivyoshika kana ya usukani.

Katika pwani ya Dar es Salaam, kuanzia Mbweni, Ununio na Kunduchi upande wa Kinondoni hadi Mtoni Kijichi upande wa Temeke, ngalawa na boti za faiba ndizo nyingi. Hata hivyo, boti ya mpira ina watu wake: wapiga mbizi, wavuvi wa mshipi, watu wa doria na uokoaji, na familia zinazovuka kwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo siku za mapumziko. Swali linalowagawa ni hili: je, boti hiyo ifungwe viti vya kudumu na meza ya usukani katikati, kama boti kubwa, au iachwe kama ilivyotoka kiwandani? Sauti nne zinagongana hapa, nazo ni za mwenye boti, seremala wa Keko, fundi wa mashine na nahodha mzee wa Kunduchi. Hawa si watu fulani. Ni misimamo minne, na kila mmoja una sehemu yake ya ukweli.

Mwenye boti ndiye huanza, kwa sababu mwili wake ndio unaoumia. "Mzee, nikitoka Kunduchi mpaka Mbudya na kurudi, kiuno kimepinda. Mkono mmoja uko nyuma, shingo iko mbele, na maji yote ya wimbi yananiishia mimi. Halafu sioni ninakokwenda."

Lalamiko hilo la mwisho ndilo zito. Mashine ya nguvu farasi 15 ya mipigo miwili ina uzito wa karibu kilo 36 hadi 40. Petroli lita 25 ni kama kilo 19 bila kuhesabu tangi lenyewe. Nahodha wa kilo 80 akiongezwa, zaidi ya kilo 130 zimekusanyika katika mita moja ya mwisho ya chombo. Moto unapoongezwa, tezi huzama na omo huinuka kama farasi aliyeshtuka, na kwa muda nahodha haoni kilicho mbele yake. Mbele ya ufuo wa Mbudya kuna waogeleaji, na kati ya Msasani na Bongoyo zipo ngalawa zinazokaa chini sana juu ya maji. Anayetaka kusogea mbele ili aone njia anadai jambo la haki, wala hastahili kuambiwa kwamba anataka anasa.

Nahodha mzee hapingi hilo. Jibu lake ni methali ya mabaharia: "Wenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ngama ni mahali pa chini kabisa katikati ya chombo, ambapo maji yaliyoingia hukusanyika. Kwa kawaida methali hiyo husemwa juu ya mtu anayezunguka sana na mwisho akarudi kwao, lakini mzee huirudisha kwenye mbao zake za asili. Uzito usogezwe mbele, naam, ila ushuke pia. Ugomvi wake na kiti ni urefu wake. Kiti kirefu humtoa mtu ngamani na kumweka hewani.

Hapo seremala huingia. Keko, katika Wilaya ya Temeke, ni mtaa wa samani. Vitanda, makabati na viti vingi vya Dar es Salaam hutengenezwa huko, na fundi wa Keko anajua kiti kuliko mtu yeyote katika mjadala huu. Pendekezo lake ni la kawaida: mguu mmoja wa chuma katikati, kitako cha sentimita 40 kutoka sakafuni, sahani ya chuma ya sentimita 20 chini, bolti nne. Kiti cha namna hiyo kingedumu miaka mingi ofisini.

Fundi wa mashine hupinga kwa hesabu, na hesabu hiyo inastahili kufuatwa polepole. Mtu wa kilo 80 akiketi kwenye kiti cha sentimita 40, kitovu cha uzito wake huwa karibu sentimita 70 juu ya sakafu. Wimbi la ubavuni likimsukuma kwa nguvu ya nusu ya uzito wake, sawa na kilo 40, na likamkuta wakati boti inaanguka kutoka mgongoni mwa wimbi ili mwili wake usikandamize kiti, bolti za upande mmoja huvutwa juu kwa nguvu ya kilo 40 mara sentimita 70, gawa kwa sentimita 20 za sahani. Jibu ni kilo 140. Plaiwudi ya milimita 12 iliyolowa maji ya chumvi haiwezi kuvumilia mvuto huo mara mia kwa safari moja. Sasa kiti hichohicho kigeuzwe kuwa sanduku la urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 60. Kitovu cha uzito hushuka hadi sentimita 50, na mvuto kwenye bolti huwa kama kilo 33. Mtu ni yuleyule na wimbi ni lilelile, lakini mvuto umepungua mara nne na zaidi kwa sababu kitako kimeshuka na msingi umepanuka.

Seremala anayesikia hesabu hii habishi sana, maana amejenga makabati na anajua kwa nini kabati refu lenye msingi mwembamba huanguka. Hubaki na swali lake moja la kitaalamu: sanduku hilo lifungwe wapi?

Swali hilo ndilo moyo wa suala lote, na ndipo kazi nyingi za aina hii huharibikia. Sakafu ya boti ya mpira haijashikwa na chochote kigumu. Vipande vyake vya mbao au aluminiamu hubanwa na maboya ya pembeni, na chini yake mara nyingi kuna boya dogo la mkuku linaloisukuma juu. Ugumu wa sakafu ni ugumu wa hewa. Hewa nayo hubadilika kwa saa za mchana. Boya lililojazwa alfajiri, kwenye joto la nyuzi 25, kwa mgandamizo wa bar 0.2, likiachwa juani mchangani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 50, mgandamizo wake hupanda hadi karibu bar 0.3, kitambaa kisipotanuka. Hilo ni ongezeko la nusu nzima. Boti hiyohiyo ikisukumwa majini, bahari huipoza, hewa hunywea na sakafu hulegea. Basi chochote kilichofungwa kwenye vipande viwili vya sakafu kwa pamoja hutikiswa kila siku hata kabla ya wimbi la kwanza. Sanduku la kiti likae juu ya kipande kimoja tu, lisivuke kiungo. Boti iliyojazwa juani nayo ijazwe tena kidogo baada ya kuelea.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana, na seremala mgeni wa bahari huiingia bila kujua. Chini ya sakafu, sentimita chache tu, ndipo lilipo tumbo la boti, nalo ni kitambaa. Skrubu iliyotokeza ncha, au nati iliyoachwa ikining'inia, hulisaga tumbo hilo kila boti inapopiga wimbi, hadi siku moja maji yanaingia na hakuna anayejua yanatoka wapi. Kichwa cha bolti kiwe bapa na kizamishwe ndani ya ubao kutoka chini, nati ikae juu, na upande wa chini ubandikwe ukanda wa mpira. Tundu lolote la plaiwudi litobolewe pana kuliko bolti, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya ndani ya epoksi iliyokauka. Bila hivyo maji hupenya kati ya matabaka ya plaiwudi na kuiozesha kutoka ndani, huku rangi ya juu ikibaki nzuri. Bolti ziwe za chuma cha pua. Zikipita kwenye sakafu ya aluminiamu, zitengwe nayo kwa washa za plastiki, kwa kuwa metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa.

Mwenye boti, akichoka na habari za bolti, huuliza kwa nini viti visigandishwe tu kwenye maboya. Inawezekana, na viwanda hufanya hivyo kwa vishikio na mikanda. Lakini gundi si moja. Kitambaa cha PVC hutaka gundi ya poliurethani yenye sehemu mbili, na kile cha mpira wa Hypalon hutaka gundi yake ya neoprini. Ukikosea gundi, kiraka hubanduka kama karatasi. Gundi ya viatu iliyozoeleka kwa mafundi wa mitaani haifai hata kidogo. Watengenezaji wa gundi hizi hutaka kazi ifanyike hewa ikiwa na unyevu usiozidi takriban asilimia 60, na hewa ya Dar es Salaam hupita kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mchana mkavu wa majira ya kusi, ndani ya chumba chenye kivuli, ndio wakati wake. Hata hivyo gundi bora hushika vizuri nguvu inayoteleza sambamba na kitambaa, na hushindwa mapema na nguvu inayobandua kutoka ukingoni. Mgongo wa mtu anayeegemea kiti hubandua. Gundi itumike kwa pete za kufungia mikanda inayozuia sanduku lisihame, na uzito wenyewe ubebwe na sakafu.

Baada ya kiti, meza ya usukani. Hapa pande mbili huachana zaidi.

Anayeitetea ana historia nzuri mkononi. Mnamo miaka ya 1960, katika Chuo cha Atlantic huko Wales, mkuu wa chuo Desmond Hoare na wanafunzi wake walikuwa wamechoka na boti za mpira zinazochanika tumbo. Wakalitoa tumbo la kitambaa na kuweka tumbo gumu, huku maboya ya hewa yakibaki pembeni. Shirika la uokoaji baharini la Uingereza, RNLI, lilichukua wazo hilo, na mwaka 1972 boti yao ya Atlantic 21 ikaanza kazi. Wafanyakazi wake walikaa kwa kupanua miguu, mkao wa bodaboda kama ungesemwa leo Temeke, mikono kwenye usukani, magoti yakipokea kishindo cha wimbi badala ya uti wa mgongo. Boti nyingi za mpira zenye tumbo la faiba zinazoonekana leo duniani ni uzao wa kazi ile. Kwa hiyo mwenye boti anaposema kwamba kuketi mbele na kushika usukani ni salama zaidi, anasema jambo lililothibitishwa kwenye bahari mbaya kuliko ya Kunduchi.

Fundi wa mashine hukubali historia, kisha huonyesha kilichoachwa nje. Boti ile ilikuwa na tumbo gumu. Meza yake ilisimama juu ya kitu kisicholegea mchana wala usiku. Boti ya sakafu ya vipande vinavyokunjwa ni chombo kingine. Meza yenye kimo cha sentimita 90, inayoshikwa na mtu anayeyumba, ina mvuto wa bolti uleule wa kiti kirefu, na pengine zaidi, kwa kuwa nahodha hujivuta kwenye usukani kila wimbi linapopiga.

Huja pia suala la nafasi. Boti ya mita 3.8 ina upana wa ndani wa karibu sentimita 80. Meza ya sentimita 50 ikisimama katikati, hubaki sentimita 15 kila upande, na kila anayetaka kupita omo hupanda juu ya boya. Mtu aliyepanda juu ya boya la mpira lililolowa yuko tayari kuanguka. Meza ikisogezwa ubavuni, chombo hulala upande mmoja mpaka uzito mwingine uwekwe upande wa pili.

Halafu mashine yenyewe. Mashine nyingi ndogo zinazouzwa pwani hii zimeundwa kushikwa kwa mkono. Katika majina ya modeli za Yamaha, kwa mfano E40XMH, herufi M huonyesha mashine ya kuwashwa kwa kamba na H huonyesha mkono wa kuongozea. Kuipeleka kwenye usukani wa mbali huhitaji kisanduku cha gia na moto, kebo mbili za kukiunganisha na mashine, kebo ya usukani, kiungo cha kuigeuza mashine na njia ya kuizimia mbali. Kebo ikikunjwa kwa kona kali huwa ngumu na hukatika ndani ya ala yake, mahali pasipoonekana. Chumvi ikiingia bila grisi, usukani huganda ukiwa katikati ya kona. Mkono wa mashine hauna kebo ya kuganda. Nahodha mzee hulisema hili kwa ufupi: kitu kisichokuwamo hakiharibiki.

Hesabu ya uzito huja mwisho, lakini si ndogo. Meza, usukani na kebo vinaweza kufika kilo 30, betri kilo 12 hadi 15, viti viwili vya sanduku kilo 15. Jumla ni karibu kilo 60, yaani abiria mmoja mwembamba ambaye hashuki kamwe. Boti zilizojengwa kwa kiwango cha ISO 6185 hubeba kibao kinachotaja idadi ya watu, mzigo wa juu na nguvu ya juu ya mashine. Kibao cha watu watano, baada ya kazi hiyo, kisomwe kuwa cha wanne. MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander I mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018, zote zilizozama, zilikuwa meli na vivuko, si boti za mpira, lakini katika kila msiba huo uzito uliozidi ulitajwa, na nchi hii imelipa gharama ya kutosha kwa somo hilo. Chombo kinachobeba watu kwa malipo hupaswa kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, lililoanza kazi mwaka 2018. Kilichofungwa meza, viti na mashine mpya hakifanani tena na kile mkaguzi alichokiona, kwa hiyo kionyeshwe tena.

Kuna jambo ambalo wenye boti husahau wakiwa kwa fundi na hulikumbuka wakiwa ufuoni. Kunduchi, maji ya bamvua yakitoka, bahari huenda mbali, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Boti ya mpira ilinunuliwa kwa sababu watu wanne huinyanyua na kuivusha juu ya mchanga, au mashine hufunguliwa na kulala nyumbani, na boti yenyewe hutolewa hewa, ikakunjwa na kupakiwa kwenye gari hadi Mbagala. Meza ikishafungwa, kukunja kumekwisha. Sasa inahitajika trela, mlinzi, na mahali pa kuegesha penye kivuli kwa sababu ya jua lile lililotajwa. Waokoaji nao wanazo sababu zao za kutaka sakafu wazi. Mafuriko kama yale ya Desemba 2011 yaliyofunika bonde la Msimbazi yanahitaji boti ambayo mgonjwa hulazwa ndani yake na watu wanne huibeba juu ya ukuta ulioanguka. Boti hiyo haifai kufungwa chochote katikati.

Mwenye boti ambaye amesikiliza mpaka hapa huuliza kwa haki: "Sasa mimi nibaki na kiuno changu?" Hapana. Njia iko, na ni ya bei ndogo. Sanduku pana lenye kimo cha sentimita 20, juu ya kipande kimoja cha sakafu, lisogezwe mbele kidogo ya mahali lilipokuwa tangi. Sponji yake iwe ile isiyonywa maji, maana sponji ya godoro hugeuka ndoo. Tangi la petroli lihamishiwe omo, kwa mpira mrefu wa mafuta usiokanyagwa, na kilo zile 19 zitaishusha omo papo hapo. Mkono wa mashine urefushwe kwa kipande cha bomba kilichobanwa kwa bolti, si kilichochomekwa tu, ili nahodha akae ndani ya boti akiangalia mbele. Kamba ya kuzimia mashine nayo irefushwe kulingana na hapo na ifungwe mguuni kila safari, kwa sababu mashine iliyoachiwa mkono hugeuka ghafla, na boti huanza kumzunguka mtu aliyeanguka majini. Mkono uliorefushwa una kasoro yake: huchukua nafasi wakati wa kugeuka kwa kasi, na mtu hujifunza siku mbili tatu kabla haujamkaa sawa.

Mpaka wa hukumu hii ni mita 4 na aina ya tumbo. Boti yenye tumbo la faiba au la aluminiamu, iliyozidi mita 4, yenye mashine ya nguvu farasi 25 hadi 40 na kibao kinachoruhusu uzito huo, ifungwe meza ya usukani na viti vya kupanua miguu, na itakuwa bora kuliko ilivyokuwa. Boti ya sakafu ya kukunja, iliyo chini ya hapo, ibaki na mkono wa mashine na kiti cha chini.